Tunataka Kuuza Nyumba ya Baba Buruburu, Lakini Hatuelewani pa Kuanzia

Salamu Shangazi,

Nakuandikia bila ndugu zangu kujua.

Tuko watoto wanne. Tulilelewa Buruburu, Nairobi, katika nyumba ambayo Baba aliinunua miaka ya themanini akiwa mfanyakazi wa serikali. Baba alifariki mwaka wa 2017 na hakuacha wasia. Mama ana miaka 73 na bado anaishi mle. Mimi ni wa pili, na ndiye ninayekaa naye pamoja na mwanangu. Kaka yetu mkubwa yuko Syokimau na familia yake, wa tatu anafanya kazi Doha, na kitinda mimba yuko Kisumu.

Desemba tulipokutana nyumbani tuliamua nyumba iuzwe. Ngazi zinamuumiza Mama magoti, na mtaa si ule tuliokulia: karibu kila nyumba imejengewa duka au vyumba vya kupangisha mbele, na kelele haziishi hadi usiku. Mpango ni Mama ahamie Machakos karibu na dada yake, ajengewe nyumba ndogo isiyo na ngazi, kisha kitakachobaki tugawane. Mama mwenyewe hasemi mengi. Tukimuuliza anajibu tu, "Fanyeni mnavyoona."

Shida imeanzia kwenye maandalizi. Kaka anataka kuchukua mkopo wa shilingi milioni 1.2 kutoka chama cha ushirika cha kazini kwake. Ang'oe jikoni lote aweke kabati za kisasa na kaunta ya graniti, abadilishe vigae chini na juu, atengeneze bafu upya. Anasema bei itapanda kwa milioni tatu, na nyumba ikiuzwa yeye atarudishiwa pesa zake kwanza. Mimi moyo wangu haujatulia.

Halafu kuna ukuta wa sebuleni. Tulipovuta rafu ya vitabu vya Baba tulikuta rangi imevimba kama malengelenge, plasta inadondoka ukiigusa, na chini karibu na sakafu kuna unga mweupe. Dalali wetu ametuletea fundi anayetaka elfu kumi na mbili apake rangi ya mafuta mara mbili. Anasema hakuna mnunuzi atakayejua.

Dalali huyohuyo amempata mtu aliye tayari kutoa laki tano taslimu wiki hii "kushikilia" nyumba, hata kabla hatujagusa kitu. Anaomba nakala ya hati ampelekee. Hati tunayo, iko kwenye sanduku la Baba, bado ina jina lake.

Mbele ya nyumba kuna chumba cha mawe ambacho Baba alijenga. Mama mmoja anaendesha saluni hapo kwa miaka sita sasa na analipa kodi vizuri, ingawa hatujawahi kuandikiana. Kaka anasema tumfungie mwisho wa mwezi ili mnunuzi akute pako wazi.

Mwisho ni hili linaloniuma zaidi. Kaka anataka nyumba iwe tupu ndipo ipigwe picha. Kabati la vyombo la Mama, lile la milango ya vioo lenye vikombe vya wageni, anasema liuzwe kwa wanunuzi wa vitu kuukuu. Alipolitaja, Mama aliinuka akaenda jikoni akateleka maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nianzie wapi, Shangazi?

Binti wa Buruburu

*

Binti yangu,

Umeniuliza habari za rangi, jikoni na kabati. Lakini jambo zito kuliko yote umelitaja kwa maneno machache ukapita: hati bado ina jina la Baba. Maana yake ni kwamba leo hii hakuna mtu katika familia yenu mwenye uwezo wa kuuza nyumba hiyo. Kaka hana, wewe huna, na hata Mama aliyeishi humo miaka yote hiyo bado hana.

Mali ya marehemu hapa Kenya huongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Mpaka mahakama iteue wasimamizi wa mirathi, yeyote anayeuza, kukabidhi au kuchukua mali ya marehemu kana kwamba ni yake anatenda kosa. Kifungu cha 45 kinaweka adhabu ya faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na hata wasimamizi wakishateuliwa, hawaruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba kabla uteuzi wao haujathibitishwa na mahakama. Kwa hiyo zile laki tano msizipokee. Mkizipokea mtakuwa mmeuza kitu ambacho hamna ruhusa ya kuuza, na huyo mtu atakuwa na sababu ya kuwadai kwa muda wote ambao mirathi itachukua. Tena pesa za namna hiyo huliwa upesi. Mmoja atalipa karo, mwingine atasema Mama anahitaji dawa, na siku ya kurudisha hamtaweza kuzikusanya.

Nakala ya hati pia usimpe. Mnunuzi wa kweli huonyeshwa hati na wakili wenu wakati wake ukifika. Nakala zinazozunguka kwa simu za madalali ndizo hutumiwa na matapeli kutengeneza hati bandia, hasa mwenye jina akiwa ameshafariki.

Sasa njia yenyewe. Mtafute wakili anayeshughulikia mirathi. Mtahitaji cheti cha kifo, hati, vitambulisho vyenu, na barua ya chifu inayotaja mjane na watoto wote bila kumwacha hata mmoja. Kama Baba alikuwa na mtoto mwingine mahali, huu ndio wakati wa kusema. Akijitokeza baadaye anaweza kuomba mahakama ibatilishe yote mliyofanya. Mama ana nafasi ya kwanza ya kuomba usimamizi, na kwa hali yenu inafaa awe na mmoja wenu pamoja naye. Ombi likishawasilishwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hapo hutolewa barua za usimamizi, na kwa kawaida miezi sita ipite ndipo muombe uthibitisho. Mahakama inaweza kufupisha muda huo ikiona sababu, lakini msijenge mipango yenu juu ya hilo. Chukulieni kwamba mnahitaji karibu mwaka mmoja. Nyumba ikithaminiwa kuwa haizidi shilingi milioni 20, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu. Ikizidi ni ya Mahakama Kuu. Hiyo ni sababu moja ya kumwita mtathmini aliyesajiliwa mapema. Sababu ya pili ni kwamba hadi sasa bei mnayoijua ni ile ya mdomo wa dalali.

Ndugu yenu wa Doha hana haja ya kukata tikiti. Karatasi zake za ridhaa anaweza kuzitia sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wetu huko, kisha azitume.

Nimefika kwa Mama, na hapa naomba unisome polepole.

Umeandika "tuliamua." Nimeitafuta katika barua yako sentensi ambayo Mama anasema anataka kuhama, sikuiona. Niliyoiona ni "Fanyeni mnavyoona." Mwanangu, mama wa miaka 73 anayesema hivyo mbele ya watoto wanne hajakubali. Amechoka kubishana, au anaogopa kuwa mzigo, au anangoja mmoja wenu amuulize akiwa peke yake. Na wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Muulize siku ambayo Kaka hayupo, wala usimuulize kama nyumba iuzwe. Muulize angependa kuamka wapi mwaka ujao. Muulize kanisa atakalokuwa akienda Machakos, kliniki atakayotumia, nani wa Buruburu atakayemkosa zaidi. Muulize kama yeye na dada yake wanapatana vya kutosha kuishi jirani, maana hilo watoto hudhani tu. Akiwa na hamu ya kwenda, utaisikia kwenye majibu. Akiwa hana, pia utaisikia.

Pengine itatokea kwamba tatizo lake ni ngazi tu. Nyumba nyingi za Buruburu zina vyumba vya kulala juu na choo kidogo chini. Kuhamishia kitanda chake chini na kupanua hicho choo kiwe na bafu kunaweza kumtosha kwa miaka kadhaa. Sisemi msiuze. Nasema asiondolewe kwake kwa sababu ya magoti ikiwa magoti yana dawa nyingine.

Na sheria iko upande wake kuliko mnavyodhani. Mume akifa bila wasia akaacha mjane na watoto, mjane ana haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote. Watoto hurithi baada yake. Nyumba kama hiyo haiwezi kuuzwa wakati haki hiyo ipo bila idhini ya mahakama. Mkikubaliana wote pamoja naye kwamba iuzwe na igawanywe namna fulani, makubaliano hayo huandikwa na kuwekwa mbele ya mahakama wakati wa uthibitisho. Ningependa karatasi hiyo itaje kwanza nyumba ya Mama: kiasi cha kuijenga, itakuwa kwa jina la nani, na kitu cha kumlisha na kumtibu. Iwe kwa jina lake. "Kitakachobaki tugawane" ni maneno mazuri mezani, lakini ikishaingia mamilioni kwenye akaunti, kila mtu hukumbuka hesabu yake.

Kabati nalo lina jibu la wazi kabisa. Sheria hiyohiyo inampa mjane vitu vya nyumbani moja kwa moja, viwe vyake bila kugawana na mtu: fanicha, vyombo, picha, mapambo, nguo. Kabati la milango ya vioo ni la Mama. Vikombe vya wageni ni vya Mama. Kaka hana ruhusa ya kuviuza, na ningetaka alijue hilo kwa upole kabla hajaleta mtu wa mkokoteni getini. Ikiwa Mama atahama, pimeni kabati hilo urefu, upana na kimo, mkampe vipimo fundi wa Machakos kabla hajachora sebule, ili ukuta wake uwepo tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba nyumba iliyojaa vitu huonekana ndogo, na mnunuzi anataka kuona kuta na sakafu. Lakini kuna mwaka mzima mbele yenu. Anzeni na vile visivyo na mtu: magodoro ya zamani, redio mbovu, madaftari ya shule, mabati yaliyolala nyuma ya nyumba. Chumba kimoja kwa wakati, Mama akiwa ameketi kwenye kiti chake akionyesha kwa kidole: hiki kinaenda, hiki apewe fulani, hiki kitupwe. Vitabu vya Baba mvifungue kimoja kimoja kabla ya kuvitoa. Wazee wetu waliweka risiti humo. Mkipata risiti za kodi ya ardhi, mchoro ulioidhinishwa, barua ya mkopo wa nyumba au stakabadhi yoyote ya ujenzi, wekeni kwenye faili moja. Thamani ya karatasi hizo mtaiona karibuni.

Saluni msiifunge. Chumba cha biashara kilichopangishwa bila mkataba wa maandishi kinalindwa na Sura ya 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka na hoteli. Notisi lazima iwe kwenye fomu iliyowekwa, na isipungue miezi miwili. Mpangaji akiipinga, anaenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, na sababu za kumtoa mpangaji zimeorodheshwa katika sheria. Kutaka tu kuuza haimo. Kaka akienda na kufuli usiku, atakuwa amewafungulia kesi ya pili wakati ya kwanza haijaanza. Kaeni na huyo mama mumweleze mapema kwamba ndani ya mwaka mmoja au zaidi nyumba inaweza kuuzwa, na muulize mpango wake. Miaka sita analipa vizuri. Anastahili kusikia kutoka kwenu kabla hajasikia kwa wateja wake. Mnunuzi naye huenda akapenda kumkuta, kwa kuwa ni kodi inayoingia.

Swali linalonitia wasiwasi juu ya chumba hicho ni jingine: je, kilijengwa kwa kibali? Tafuteni mchoro kwenye makaratasi ya Baba. Mnunuzi wa mkopo hutumiwa mtathmini na benki yake, na kilichoongezwa bila idhini ya kaunti huandikwa kwenye ripoti. Kama hakina kibali, mwambieni wakili sasa awashauri kama kinaweza kuhalalishwa.

Tuje kwa ukuta, maana hapa ndipo nyumba yenyewe inapozungumza.

Huyo fundi wa rangi ya mafuta mrudishe alikotoka. Rangi ya mafuta hufungia maji ndani. Itang'aa kwa majuma machache, kisha maji yatatafuta njia, rangi ivimbe tena, na safari hii plasta itoke nayo. Isitoshe, mkiulizwa na mnunuzi kama nyumba ina unyevu mkajibu hapana huku mnajua, mnaweza kushtakiwa kwa udanganyifu hata baada ya kulipwa.

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapopenya kwenye mawe na plasta huiyeyusha, kisha yakikauka usoni mwa ukuta huiacha hapo. Kwa hivyo mahali pa kutafuta ni kule maji yanakotoka. Toka nje usimame upande wa pili wa ukuta huo. Tazama kama udongo wa bustani au saruji ya ua imepandishwa hadi ikapita kimo cha sakafu ya ndani. Nyumba hujengwa na tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Mtu akirundika udongo au kumwaga saruji juu yake, maji huliruka na kuingia ukutani. Mara nyingi hutokea pale familia ilipotengeneza kitanda cha maua au jirani alipoinua ua wake. Kisha inua macho utazame mfereji wa paa na bomba linaloshuka kutoka huko. Likiwa limetoboka nyuma, maji hutiririka ukutani kila mvua ikinyesha na hakuna anayeyaona. Mwisho, funga mifereji yote ya maji ndani ya nyumba na kwenye saluni, hakikisha tangi limejaa, halafu angalia mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja mahali ndani ya ukuta au chini ya sakafu.

Ukishajua chanzo, kiondoe kwanza. Shusha udongo, badilisha bomba, fanya linalotakiwa. Ndipo fundi abandue plasta iliyooza hadi kwenye jiwe, apite kidogo zaidi ya pale palipoharibika, na ukuta uachwe wazi ukauke. Plasta mpya nayo ipewe wiki nne au zaidi kabla ya kupakwa rangi. Anayekuahidi kumaliza yote kwa siku tatu anakuuzia malengelenge mengine. Kazi hii ifanywe Januari na Februari kukiwa na jua, kabla ya mvua ya Machi, kisha masika yenyewe yatakuonyesha kama mmepona. Rafu ya vitabu isirudishwe ikabanwa ukutani. Iachiwe nafasi ya hewa kupita.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini nalitaja kwa sababu mko Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ambako sehemu nyingi zina udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kunywea wakati wa kiangazi. Angalia pembe za madirisha na milango kama kuna nyufa zinazokwenda mshazari. Ukiuona ufa, weka alama ya penseli unapoishia na uandike tarehe kando yake. Ufa uliotulia mwaka mzima ni wa plasta na dawa yake ni rahisi. Ufa unaopita alama yako unahitaji mhandisi autazame.

Mkopo wa Kaka sasa. Hesabu tu inatosha. Akiuchukua leo, makato yanaanza mwezi ujao, na nyumba haiwezi kuuzwa kabla ya mirathi kukamilika. Atalipa riba miezi yote hiyo kwa jikoni ambalo Mama hakuliomba. Hizo milioni tatu za nyongeza amezitoa wapi? Muulizeni mtathmini, kwa maandishi, nyumba ina thamani gani kama ilivyo na ingekuwa na thamani gani ikitengenezwa hivyo. Halafu watazame walionunua jirani zenu. Wengi huko hubomoa, hupanua na kuongeza vyumba, kwa hiyo graniti ya Kaka inaweza kuishia kwenye lori la taka. Na hilo la "nirudishiwe kwanza" lisibaki neno la mdomo. Kama kuna senti yoyote ya mmoja wenu inayoingia kwenye nyumba, iandikwe, wote wanne na Mama watie sahihi, na risiti ziwekwe.

Ninachopendekeza mtengeneze ni vitu vidogo ambavyo mnunuzi huvigusa kwa mkono wake. Mferejini maji yasidondoke. Choo kivute maji mara moja na kikome. Milango ifunge bila kusukumwa na bega, vitasa viwe na funguo. Vioo vilivyopasuka vibadilishwe, grili zikwanguliwe kutu zipakwe rangi, swichi na soketi zilizolegea zikazwe na fundi wa umeme anayejua kazi. Sinki la jikoni lizibuliwe. Tangi la maji lioshwe. Mfereji wa paa utolewe majani. Geti lipakwe rangi. Halafu rangi ya ndani, nyeupe au ya maziwa, iwe ya mwisho kabisa baada ya kila fundi kuondoka. Yote hayo ni sehemu ndogo ya milioni 1.2, na mengi yatamfaa Mama hata kama nyumba haitauzwa.

Wakati mirathi inaendelea, wakili akague rekodi za usajili. Kwa Nairobi kazi nyingi sasa hupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, na hati za zamani zimekuwa zikihamishiwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huku ploti zikipewa namba mpya. Msishangae namba ya Baba ikiwa imebadilika. Shangaeni ikiwa hamkuuliza. Akague pia kama mkopo wa nyumba wa Baba, kama alikuwa nao, ulifutwa rasmi, maana deni lililolipwa zamani linaweza kubaki limeandikwa kwenye rekodi hadi mtu alishughulikie. Ikiwa hati ni ya kukodisha, ulizeni miaka iliyobaki na kodi ya serikali kuu. Kisha nendeni kaunti mjue deni la kodi ya ardhi. Bila vyeti vya kutodaiwa hakuna uhamisho, na riba ya malimbikizo huumiza. Kaunti imewahi kutangaza misamaha ya riba, hivyo sikilizeni matangazo yake.

Kodi ya faida ya mtaji ni mzigo wa muuzaji, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kutoka 5. Hutozwa kwenye faida, wala si kwenye bei nzima, na gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida hiyo mkiwa na risiti. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha husamehewa, lakini yenu imepitia kifo na mirathi. Mwambieni mhasibu au wakili awapigie hesabu kabla hamjataja bei kwa mtu. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, hulipwa na mnunuzi.

Siku ya kumtafuta mnunuzi ikifika, mchague wakala aliyesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba, mwandikiane kamisheni yake, na asidai pesa za mbele. Wageni wa kutazama waje mchana, majina yao yakijulikana, mmoja wenu akiwa nyumbani. Mama asiachwe kuwafungulia peke yake. Chumba chake kisipigwe picha bila yeye kukubali. Malipo ya awali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yakae kwa wakili hadi uhamisho ukamilike, na funguo zisitoke kabla ya shilingi ya mwisho kuingia.

Na Kaka, usimwendee kama mshtakiwa. Ni kifungua mimba, Baba hayupo, na huenda anaona asipofanya kitu kikubwa atakuwa ameshindwa kushika nafasi yake. Mpe kazi inayolingana na hamu hiyo: awe msimamizi pamoja na Mama, atafute wakili, aende kwa chifu, asimamie fundi wa ukuta. Lakini zungumza na Mama kwanza, kabla ya kikao chochote cha ndugu. Na leo, kabla jua halijazama, mpigie dalali simu umwambie nyumba haijaingia sokoni, laki tano abaki nazo mwenyewe, na hati haitoki.

Shangazi